Je, wajua kwa nini chipu hubaki na kosa ulilokwisha kulirekebisha?

Umekuta kosa kwenye maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili programu iutumie) inayosoma kihisi cha joto. Umelirekebisha, umejenga, umepakia programu kwenye chipu, na joto linasomeka vibaya vilevile. Unaanza kuutilia shaka msimbo ambao sasa hauna kasoro yoyote.

Balaa hili ni la zamani. Mwaka 1976, katika Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, Steve Johnson aliingia kwa hasira ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman: asubuhi nzima alikuwa akisaka kosa alilokwisha kuliondoa, kumbe faili halikuwa limekompailiwa upya, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Feldman yalikuwa yamemkuta hayohayo jioni iliyotangulia. Akaandika Make, kifaa kinacholinganisha saa za mafaili: chanzo kikiwa kipya kuliko kilichojengwa kutokana nacho, kinajengwa tena.

Lakini Make inajua tu uhusiano ulioiambia, na kwenye vifaa vidogo hapo ndipo penye mtego. Katika kompyuta ya kawaida, maktaba mara nyingi ni faili la pembeni ambalo programu hulipakia inapoanza kazi. ATmega328P, chipu ya bodi ndogo ya Arduino Uno, yenye kumbukumbu ya programu ya KB 32, haina mfumo endeshi wa kufanya hivyo. Msimbo wa maktaba hunakiliwa ndani ya programu wakati wa kuunganisha. Kwa hiyo maktaba mpya inakaa kwenye diski yako, na programu inatembea na nakala ya jana, mpaka uiandikie Make wazi kwamba programu inategemea `libkihisi.a`, faili la maktaba hiyo.

Mafaili ya heda, yanayoeleza umbo la data kwa maktaba na kwa programu, ni hatari zaidi. Tuseme data ya kihisi huanza na joto, baiti mbili. Ukaongeza muda, baiti nne, mbele yake. Maktaba iliyokompailiwa upya itaweka joto kuanzia baiti ya tano. Programu ya zamani itaendelea kusoma mbili za kwanza, yaani kipande cha muda, na kukiita joto. Wala hutaona onyo lolote, kwa sababu kiunganishi, kinachounga vipande vya programu, hutazama majina, hakijui umbo la data.

Kuandika utegemezi wa kila heda kwa mkono hakufai. Utasahau mmoja tu, nao utakuponza. Mwachie kompaila. Ukiipa GCC, kompaila mojawapo, chaguo la `-MMD`, inapokompaili kila faili huandika pembeni faili la `.d` lenye orodha ya heda zako zote ilizozifungua. Makefile, faili la maelekezo ya Make, ikiyasoma mafaili hayo kwa `-include`, heda ikiguswa, kila kinachoitegemea kinajengwa upya, maktaba na programu pia.

Inabaki saa yenyewe. Mafaili ya chanzo yakikaa kwenye seva ambayo saa yake iko nyuma ya kompyuta yako inayojenga, faili ulilolibadilisha sasa hivi linaweza kuonekana la zamani. Ndiyo maana Bazel, kifaa kingine cha kujenga programu, hukokotoa alama ya yaliyomo ndani ya faili, wala haitegemei saa.