Kabureta Husingiziwa Mengi: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wenye Magari ya Zamani

Nina Land Rover Series IIA ya 1969, injini ya petroli ya sisi 2286, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Zenith. Nakaa Nakuru, wazazi wako Kisumu, na kazi hunipeleka Eldoret. Kwa hiyo gari hili halikai mwinuko mmoja: Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na barabara ya Eldoret ikifika Timboroa imeshapita 2,700. Katika kupanda na kushuka huko nimeambiwa mengi kuhusu kabureta, mengine na mafundi ninaowaheshimu sana.

"Kabureta imekufa, mzee. Tununue ingine."

Kabureta husingiziwa kwa sababu iko juu, inaonekana, na ina skrubu ambazo bisibisi yoyote inazungusha. Gari likikohoa, mkono unaenda hapo. Lakini pointi (vigusano vinavyokata umeme wa plagi) zilizochomeka, taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyochelewa, plagi chafu au vali iliyobana huleta kikohozi kilekile. Ndiyo maana kabureta hurekebishwa mwisho. Tapeti kwanza (nafasi kwenye vali; kwa injini yangu ni milimita 0.25), kisha pointi (nafasi kama 0.4), kisha taimingi, kisha uhakikishe hakuna hewa inayoingia kwa wizi kwenye manifoldi, lile bomba kati ya kabureta na injini. Ukianza na kabureta, utaisawazisha na ubovu wa kitu kingine, na siku hicho kitu kitakapotengenezwa gari litaanza kukohoa upya.

"Jeti ikiziba, ichokonoe na waya."

Hapa ndipo nilipolipa ada. Jeti ni kipande kidogo cha shaba nyeupe chenye tundu la kupitisha petroli, lililotobolewa kwa kipimo. Kwenye Zenith, na kabureta za Solex pia, namba iliyochongwa juu yake ni sehemu za mia za milimita: 125 ni tundu la takriban milimita 1.25. Shaba hiyo ni laini, waya wa chuma ni mgumu. Fundi mmoja aliichokonoa yangu kwa waya wa breki ya baiskeli, akapuliza, akaniambia sasa iko sawa. Kutoka hapo gari likawa linakunywa petroli na kutoa moshi mweusi.

Tundu likipanuka kutoka 1.25 hadi 1.30, jicho halioni chochote. Ila eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 8, na petroli inayopita imeongezeka karibu hivyo hivyo. Jeti hupulizwa kwa kompresa baada ya kulowekwa, na kama uchafu umeng'ang'ania, tumia uzi wa nailoni. Mimi hutumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki ninaonunua Kisumu.

"Huko juu kuna baridi, ongeza petroli."

Ni kinyume. Hewa ya juu ni nyepesi. Shinikizo lake Nakuru ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na Timboroa ni chini zaidi. Injini inavuta ujazo uleule wa hewa, lakini oksijeni iliyomo ni pungufu. Petroli nayo haipungui kwa kiasi hicho, kwa maana kabureta haijui uzito wa hewa. Inachojua ni mvuto tu, pale hewa inapopita kwa kasi kwenye koo lake. Kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo mchanganyiko unavyozidi kujaa petroli. Kutoka Kisumu hadi Timboroa ziada hiyo ni kama asilimia 8, pengine zaidi kidogo.

Linganisha na ile jeti. Waya wa fundi ulikuwa umenipandisha Timboroa nikiwa bado nimeegesha Nakuru. Nilipopanda Timboroa yenyewe, nilikuwa nimeipanda mara mbili.

Mwenye gari linaloishi Eldoret au Burnt Forest anaweza kushusha jeti kuu namba moja, 125 kwa 120, na plagi zitamshukuru kwa kuacha masizi. Mwenye kuteremka Kisumu kila mwezi, kama mimi, afadhali abaki na jeti ya kiwandani avumilie uzito kidogo kwenye mlima, kwa sababu petroli pungufu na joto la ziwani ndivyo vinavyochoma vali. Ila usidanganyike kwamba jeti itarudisha nguvu yote. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake Nakuru ikilinganishwa na pwani, hata ikiwa imepimwa vizuri namna gani.

"Geji inasoma 13, ringi zimeisha."

Hili, kwamba ringi za pistoni zimechakaa, lilininyima usingizi wiki nzima. Geji ya mvuto wa manifoldi ni kifaa kizuri kuliko vyote vya kusawazisha sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyaga), na vitabu vya Uingereza vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Yangu ikasoma 13, sindano imetulia tuli. Nikaanza kuhesabu bei ya ovahoo. Kumbe vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari! Kila mita 300 za mwinuko hupunguza kama inchi moja. Nakuru toa 6, Kisumu toa karibu 4. Kwa mwinuko wetu, 13 iliyotulia ni injini yenye afya. Cha kuogopa ni sindano inayochezacheza.

"Skrubu ya sloo ndiyo inapunguza ulaji wa mafuta."

Skrubu hiyo inatawala gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, na kidogo unapoanza kukanyaga. Ukiwa barabarani, jeti kuu ndiyo inayoamua. Irekebishe injini ikiwa moto: ifunge taratibu mpaka iguse, bila kukaza maana ncha yake itaharibika, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, zungusha kidogo kidogo huku na huku hadi geji ifike juu kabisa, halafu shusha mwendo wa injini kwa ile skrubu nyingine, ya mwendo. Rudia. Haichukui robo saa.

"Paka silikoni, haitavuja tena."

Petroli hulainisha silikoni ya kawaida ikavimba, ikakatika, na vipande vikaenda kukaa kwenye jeti. Kisha mtu anakuja na waya. Zenith hizi zina ugonjwa unaojulikana: nyuso zinazokutana hupinda kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Dawa ni kioo cha dirisha, msasa laini juu yake, na subira ya kusugua hadi uso ulale sawa, halafu gaskiti mpya na ile pete ndogo ya mpira ambayo wengi huisahau ndani. Kaza kwa zamu, kona kwa kona.

Na ule ubao mnene unaokaa kati ya kabureta na manifoldi usiutupe eti unaongeza urefu. Kazi yake ni kuzuia joto. Nimeona watu Kisumu saa nane mchana wakimwagia pampu maji, gari limegoma baada ya kusimama dakika kumi sokoni, wakisema petroli ni mbaya. Petroli ilikuwa imechemka kwenye bakuli la kabureta.

Kuhusu petroli yenyewe: Kenya iliacha yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na bado nasikia kabureta za zamani "haziielewi" ya sasa. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya vali. Kabureta haikuihitaji.

Kabureta kubwa zaidi haileti nguvu zaidi. Koo likiwa pana kwa injini ndogo, hewa inapita polepole, mvuto unakufa, na gari linazubaa unapokanyaga.

Halafu ile ya kumimina petroli kwa chupa ya soda kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako anapiga stata. Inawasha, ndiyo. Siku injini ikipiga chafya kurudi juu, chupa iko mkononi mwako na bonneti iko juu ya kichwa chako. Kama gari haliwaki bila kulishwa mdomoni, angalia choki (kile kibati kinachoziba hewa wakati wa kuwasha) kama inafunga, na pampu kama inafikisha petroli kwenye bakuli.