Kobe mchanga hafugwi jikoni

Mtu anapomleta kobe mchanga kwenye kliniki yetu ya wanyama hapa Kisumu, malalamiko huwa karibu yaleyale: kobe amekataa kula tangu juzi, macho yamevimba, gamba limelegea. Tukiuliza analala wapi, tunaambiwa ni kwenye katoni chini ya meza ya jikoni. Tukiuliza anakula nini, ni kabeji, nyanya, na vipande vya ugali vinavyobaki mezani. Ugonjwa huo haukuanza juzi. Ulianza miezi kadhaa nyuma, pale kobe alipoondolewa kwenye jua. Kobe huugua polepole sana, na dalili zinapojitokeza mwili umekwisha kuila mifupa yake wenyewe kwa muda mrefu.

Nitaeleza malezi yake, lakini sheria inatangulia. Kobe wetu wa nchi kavu ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 huruhusiwi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kumwokota kando ya barabara ya Baringo na kumpakia garini kwa sababu watoto wamempenda ni kosa. Kama unadhani mnyama mdogo hivi hawezi kumpeleka mtu kortini, kumbuka vijana wawili wa Ubelgiji waliokamatwa mwaka 2025 katika Kaunti ya Nakuru wakiwa na wadudu aina ya chungu wapatao 5,000. Kila mmoja alitozwa faini ya shilingi milioni 1. Kobe wote wa nchi kavu duniani wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kuvuka mipaka, na kobe bapa wa majabali ya Kenya na Tanzania aliwekwa mwaka 2019 katika orodha kali kuliko zote. Kwa hiyo ukimkuta kobe shambani na ni mzima, mwache aendelee na safari yake. Yanayofuata ni ya walio na kibali, au waliokabidhiwa kobe na wanataka aishi.

Wengi wanaofikishwa kwetu ni kobe wa madoa, yule mwenye gamba la manjano lililopakwa weusi kama ngozi ya chui. Anapoanguliwa hutoshea kwenye kiganja cha mtoto. Akikua anaweza kupita sentimita 40 na kilo 15, tena anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo anayemchukua leo afikirie nani atamrithi.

Gamba ni mfupa hai. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, juu yake kuna tabaka jembamba la keratini, na ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana nakasirika ninapoona kobe aliyetobolewa tundu ukingoni ili afungwe kamba asipotee. Tundu hilo linamuuma sawasawa na kutobolewa mfupa, na uchafu huingilia hapo. Rangi nazo zisipakwe juu ya gamba. Kama unaogopa atapotea, jenga uzio.

Mfupa huo unahitaji kalsiamu, na kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D3. Kobe hujitengenezea vitamini hiyo ngozini anapopigwa na miale ya urujuanimno ya jua. Hapa ndipo wenye nia njema wanapokwama: wanamweka kwenye beseni karibu na dirisha, wanaona mwanga umemjaa, wanaridhika. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Anaweza kukaa dirishani mwaka mzima na bado mifupa ikalainika. Ulaya wafugaji hununua taa maalumu na kuzibadilisha mara kwa mara kwa sababu nguvu zake huisha. Sisi tunaishi pale ikweta inapopita, Maseno ni hapo tu, na jua ni la bure.

Mtoe nje asubuhi, kwenye nyasi, ndani ya kizimba cha mbao kilichofunikwa juu kwa wavu wa kuku. Nusu ya kizimba iwe na kivuli wakati wote, maana jua huhama nawe umesahau. Usimweke kwenye karai au beseni juani. Kobe wa gramu 50 hana akiba ya maji wala pa kukimbilia, na jua la saa sita linaweza kumuua kwa muda mfupi sana.

Sasa chakula. Kobe wa madoa ni mla nyasi. Sehemu kubwa ya anachokula inapaswa kuwa nyasi laini na magugu ya kawaida: sangari, mchunga, majani na maua ya hibiskasi, majani ya forosadi, ya viazi vitamu na ya malenge. Mpungate unaoota sana upande wa Nakuru na Baringo ni chakula kizuri ukishaondolewa miiba yote, hata ile midogo isiyoonekana vizuri. Kwa aliye mdogo katakata majani, umwekee kila siku fungu lenye ukubwa unaokaribia gamba lake, kisha umwache ajichungie mwenyewe kizimbani. Usichume magugu pembeni mwa shamba la mahindi lililopuliziwa dawa.

Sukuma wiki si sumu, ila isiwe ndiyo chakula cha kila siku. Spinachi na mchicha zina oksaleti, inayoikamata kalsiamu tumboni ikapita nayo nje. Kabeji na letasi humshibisha bila kumjenga. Matunda matamu humharishia, kwa kuwa utumbo wake umeumbwa kuchachusha nyasi na si sukari.

Ugali, wali na mkate nitavitaja peke yake kwa sababu ndivyo vinavyotuletea wagonjwa wengi. Chakula cha kobe kinatakiwa kiwe na kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi. Mahindi ni kinyume kabisa: fosforasi yake inaizidi kalsiamu kwa mbali sana. Kobe anayelishwa ugali analazimika kuchota kalsiamu mifupani ili kusawazisha damu yake, na kila mlo unamwongezea deni. Chakula cha mbwa, mayai, nyama na maziwa navyo visimkaribie. Protini nyingi huzielemea figo za mla nyasi.

Hata hivyo, si kobe wote ni wa jamii moja. Yuko kobe ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake la mgongoni ina kiungo, akitishwa huishusha kama anayefunga mlango. Huyo hula uyoga, konokono na jongoo pamoja na mimea, na ukimlisha nyasi tupu utamdhoofisha. Kama hujui uliye naye ni yupi, mlete atazamwe kabla hujabadili chochote.

Ya kuongezea kalsiamu huhitaji kuagiza mbali. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe juani, yasage mpaka yawe unga laini, kisha unyunyize kiasi kidogo juu ya majani mara mbili au tatu kwa wiki. Usinunue DCP, ule unga wa madini wa ng'ombe, kule agroveti, kwa sababu nusu ya shughuli yake ni kuongeza fosforasi ambayo hatuitaki. Magadi nayo si kalsiamu, hata kama ng'ombe huyaramba kwa furaha. Porini kobe wa madoa huguguna mifupa mikavu, na hula kinyesi cheupe cha fisi, ambacho weupe wake ni mifupa iliyosagika. Anajua anachokitafuta.

Wapo wanaosema kobe hanywi maji. Hunywa, tena sana, na mdogo ndiye anayekauka haraka. Mwogeshe kwenye maji vuguvugu mara kadhaa kwa wiki kwa dakika 15 au 20. Maji yafike pale gamba la tumboni linapokutana na la mgongoni, yasipite hapo, ili kichwa kikae juu bila taabu. Ndani ya maji atakunywa na atajisaidia. Tazama anachotoa: uji mweupe mlaini ni wa kawaida, lakini ukiwa mgumu wenye chembechembe kama mchanga, amekaukiwa. Kobe hutoa taka zake kama asidi ya yuriki, na maji yakipungua asidi hiyo huganda ndani, ikawa mawe kibofuni au ikajaa figoni.

Ukavu huharibu gamba pia. Kila pande la gamba huinuka kama kichuguu, na likishainuka halirudi chini. Kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa protini, lakini mwaka 2003 Wiesner na Iben walichapisha utafiti wao wa kobe wachanga wa jamii ya sulcata, kobe wakubwa wa ukingo wa Sahara, wakaonyesha kwamba unyevu mdogo wa mazingira ndio uliosababisha vichuguu hivyo kuliko wingi wa protini. Mjengee mwanao wa kobe pembe moja ya kujificha yenye udongo unyevu, na sehemu iliyobaki iwe kavu.

Kuhusu baridi, wa Kisumu na wa Nakuru wasifuate ushauri mmoja. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na usiku kobe mwenye sanduku la nyasi kavu ndani ya nyumba hana shida. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Hapo, na zaidi Eldoret, anahitaji taa ya kulelea vifaranga iliyofungwa imara upande mmoja wa sanduku, mbali na nyasi kavu, ili mchana sehemu ya kuota joto ifike nyuzi 32 na usiku asikae chini ya 18. Asiwekwe chumbani na jiko la makaa. Ukisikia kwamba kobe "amelala" kwa sababu ya baridi, usiamini: kobe wa madoa hana usingizi wa msimu. Anayekaa siku nyingi bila kufumbua macho, anayetoa povu puani au kupumua mdomo wazi, ana ugonjwa wa mapafu na anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Maadui wake ni mbwa wa nyumbani, panya, kunguru, na kenge kwa walio karibu na ziwa. Siafu ndio wabaya zaidi msimu wa mvua. Zungushia majivu na usimwache nje usiku.

Kobe mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa Salmonella bila dalili yoyote. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe na kasa wenye gamba chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomgusa, maji yake usiyamwage kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka 5 wamtazame tu. Mpime uzito kila wiki kwa mizani yake mwenyewe, uandike. Uzito unaoshuka wiki mbili mfululizo hutuambia mengi kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishindwa kumtunza, usimwachie huru msituni Kakamega wala kando ya Ziwa Nakuru. Huenda si kwao, na anaweza kuwaambukiza kobe wa huko. Mpeleke kwenye ofisi ya KWS iliyo karibu. Ukimleta kwetu, mweke kwenye sanduku lenye matundu na kitambaa, uje na daftari la uzito na kinyesi cha siku hiyo, na utuambie bila kuficha yote anayokula, hata ule ugali.