Konda hakumbuki watu, anakumbuka siti

Shangazi yangu wa Tengeru, Arusha, kila nikienda kumsalimia ananiuliza, we mtoto bado tu unasomea vichaa? Maana saikolojia watu wakiisikia wanawaza hospitali, sasa ukiongeza "ya utambuzi", yani jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka, ndo unaharibu kabisa. Siku hizi namjibu, hapana shangazi, nasomea makonda.

Na sitanii. Masters yangu inahusu kumbukumbu ya muda mfupi, ile ya kushika vitu kichwani sasa hivi huku unavitumia. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba tunashika kama vitu 7, akaongeza au kupunguza 2, halafu mwenzake Nelson Cowan mwaka 2001 akasema ukimzuia mtu asivikariri kimoyomoyo wala kuviunganisha vinabaki 4 hivi. Vinne! Sasa panda hiace ya Usa River asubuhi uone, konda ananing'inia mlangoni, anajua nani kalipa, nani katoa elfu kumi anasubiri chenji, nani anashuka Sanawari, na hapo hapo anaita abiria na kubishana na dereva.

Watu watakwambia yule ana kichwa. Mi sidhani. Kuna mwanafunzi mmoja kule chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, mtafiti Ericsson na wenzake walimfanyisha mazoezi ya kukumbuka tarakimu zaidi ya mwaka mzima, akatoka 7 akafika 79, wakachapisha 1980. Jamaa alikuwa mkimbiaji, kwa hiyo akisikia 3, 4, 9, 2 yeye anasikia dakika 3 sekunde 49.2, muda wa mbio za maili, kitu kimoja badala ya vinne. Ila walipombadilishia wakampa herufi akarudi 6. Yani kumbukumbu yake haikukua hata kidogo, alichopata ni pa kutundikia zile namba.

Konda naye anatundika wapi? Nilipata fununu siku mama mmoja wa siti ya nyuma alipohamia dirishani baada ya mtu kushuka, konda akamdai nauli tena, mama akawaka kweli kweli, konda akabaki ameduwaa, "mama si ulikuwa kule nyuma wewe?" Baadaye nikamuuliza, akaniambia kama jambo la kawaida tu, aisee mi sikumbuki watu, nakumbuka siti. Na noti anazokunja kati ya vidole nazo zinamsaidia, nusu ya hesabu iko mkononi.

Kwa hiyo ninachotabiri ni hiki: ukimsomea konda tarakimu ofisini atashika kama mimi na wewe, mpeleke kwenye gari atakuacha mbali. Kule Recife, Brazil, mwaka 1985 watafiti walipima watoto wachuuzi (watano tu, najua ni wachache), sokoni walipatia hesabu asilimia 98, hesabu zile zile zikiwa namba tupu kwenye karatasi, bila biashara, wakapata 37. Mtu angeona karatasi peke yake angesema hawajui hesabu, na hilo ndo linaniudhi kuhusu vipimo vyetu vingi.

Shida yangu sasa ni fomu ya ridhaa, ile ya mtu kukubali kushiriki utafiti. Kurasa tatu, na konda asaini akiwa ananing'inia? Nimeanza kuwavizia stendi ya Kilombero gari ikiwa inajaza, ila ikijaa tu kalamu yangu imeondoka naye.