Kisima jirani na sheli: pua haitoshi kupima maji

“Mbona hayanuki?” Ndivyo wenye visima wanavyoniuliza kila ninapokuja kuchukua sampuli jirani na kituo cha mafuta. Ndoo imejaa maji maangavu, watoto wanayanywa, na mimi nasema tusubiri majibu ya maabara. Nawaelewa, lakini swali lenyewe linanitia wasiwasi.

Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaweka ukomo wa miligramu 0.01 kwa lita. Ulimi wa binadamu huanza kuihisi ikifika kama miligramu 0.5, yaani mara 50 ya ukomo huo, na pua huchelewa zaidi. Mtu anayesubiri harufu huwa ameshakunywa kwa muda mrefu.

Matangi ya sheli yamefukiwa ardhini. Chuma kinaliwa na kutu, viungio vya mabomba vinalegea. Tone moja la petroli likivuja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Kijiti cha kupimia tangi lenye maelfu ya lita hakiwezi kuonyesha upungufu mdogo hivyo kwa siku moja. Na sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, ambao hauyazuii mafuta hayo kushuka.

Ndiyo maana tunachimba visima vya uangalizi. Ni vyembamba, vya kuchukulia sampuli tu, si vya kuchota maji ya matumizi. Vinatakiwa visipungue vitatu, kwa kuwa viwili haviwezi kukuambia maji ya chini yanaelekea wapi. Kimoja hukaa upande maji yanakotokea, vingine upande yanakokwenda. Hata hivyo ramani ya mteremko peke yake hudanganya katika jiji letu. Jirani anayejaza maboza kutwa nzima anaweza kuyavuta maji machafu kuelekea kwake, hata kinyume cha mteremko. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pa kuchimba, mimi huanza kuuliza mtaani nani anauza maji na pampu yake inafanya kazi saa ngapi. Swali hilo lina uzito zaidi mgawo wa maji unapoanza, kama mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mitaa ikakimbilia visima.

Kuna pia suala la majira. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea. Masika maji ya chini yanapopanda, mafuta hupanda nayo na kunaswa katikati ya punje za mchanga. Kiangazi maji yanaposhuka, sehemu yake huteremka na kujikusanya tena kisimani kama utando. Anayepima mara moja tu, wakati wa mvua, anaweza kuondoka na majibu mazuri yasiyo ya kweli. Sikubali ripoti ya namna hiyo.

Uchukuaji wa sampuli nao una masharti yake. Maji yaliyotuama kisimani hutolewa kwanza. Chupa ndogo ya kioo hujazwa mpaka isibaki hata kipovu cha hewa, kwa sababu benzini hutoroka na hewa, kisha huwekwa kwenye barafu. Maji yaliyotiwa kwenye chupa tupu ya soda na kupelekwa maabara kwa bodaboda juani hayatatoa majibu ya kuaminika.

Dawa ya klorini inaua vijidudu; benzini haiiondoi. Kuchemsha jikoni kunaihamisha kutoka kwenye sufuria hadi kwenye hewa unayoivuta.

Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua au ukisikia harufu ya mafuta, acha kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea maji hayo. Usiwashe moto karibu na mdomo wa kisima. Toa taarifa serikali ya mtaa, baraza la taifa la mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ukitaja siku ulipoanza kuona mabadiliko na kina cha kisima chako. Na kama hujaona chochote lakini sheli iko jirani, omba kisima chako kiingizwe kwenye upimaji wa kituo hicho, masika na kiangazi.