Oak Park haikuchanganyika yenyewe

Nimechoka kusikia kwamba Oak Park, mji ulioshikana na Chicago upande wa magharibi, una watu wa kila rangi kwa kuwa "wa kule ni waungwana". Waungwana gani? Mwanakemia Percy Julian, Mmarekani mweusi, aliponunua nyumba pale mwaka 1950, ilijaribiwa kuchomwa kabla hajahamia. Mwaka uliofuata ikarushiwa baruti.

Ya jumla niyamalize: wakazi 54,583 kwa sensa ya 2020, halmashauri yake yenyewe tangu 1902, treni mpaka katikati ya Chicago. Watalii hufuata nyumba za msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Basi.

Ng'ambo ya barabara ya Austin, mpaka wa mashariki na Chicago, madalali waliwatisha wazungu: weusi wanakuja, uza leo, kesho bei inaanguka. Walinunua kwa bei ya kutupa, wakawauzia weusi kwa bei ya kuruka. Oak Park ilipiga marufuku ubaguzi wa makazi mwaka 1968, lakini sheria haimtoi mtu hofu ya kupoteza nyumba yake. Ndipo mwaka 1978 ikaja bima ya thamani: ulijiandikisha, nyumba ikathaminiwa, na ukiiuza kwa hasara baada ya miaka mitano, halmashauri ilikufidia hadi asilimia 80 ya hasara hiyo. Mabango ya "Inauzwa" nayo yalikuwa yamekatazwa kabla ya hapo, maana matatu mtaa mmoja yanatosha kuanzisha mbio za wazungu kuhama. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha katazo kama hilo la Willingboro, New Jersey. Oak Park madalali wakaendelea kutoyaweka kwa hiari.

Wasifiaji wote huruka wapangaji, na kazi kubwa ilikuwa hapo. Kituo cha makazi alichoanzisha Roberta Raymond mwaka 1972 kilimpokea mtafuta chumba bure, kikamhimiza aangalie pale ambapo watu wa rangi yake ni wachache: mzungu mashariki, karibu na Austin, mweusi kwingineko. Lengo lilikuwa jengo lisigeuke la rangi moja, mtaa ukafuata.

Kumwelekeza mtu kwa rangi yake ndiko walikofanya madalali wale, ila kinyumenyume. Uamuzi ulibaki kwa mpangaji, sawa, na bado hilo halinikai vizuri. Wala sioni namna ya kutenganisha kazi ya kituo na bahati ya kuwa na fleti nyingi na stesheni za treni. Na mchanganyiko wa rangi si wa kipato: kodi ya majengo kule ni kali, na hakuna bima iliyobuniwa kwa anayeshindwa kuilipa.