Flava zinazopasua tangi la vepu: ni nini hasa, na zinasema nini kuhusu mapafu

Ukikaa na watu wanaovepu, yaani wanaovuta sigara za kielektroniki ambazo juisi yake ya ladha inakaa kwenye tangi dogo na kupashwa iwe mvuke, hutakosa kusikia mtu anaonywa, hiyo juisi ya mdalasini usiitie kwenye tangi la plastiki, itakupasulia. Flava za kupasua tangi ndo hizo, yaani vionjo ambavyo vikikaa kwenye tangi la plastiki muda fulani, mara nyingine masaa machache tu, plastiki inaanza kupata ukungu, inatoa vijistari, halafu nyufa, mwisho inavuja au inaachia kabisa. Sio kampuni moja wala sio juisi moja, ni tabia ya kemikali fulani zilizomo ndani ya flava, na ndo maana mdalasini wa huyu unapasua na wa yule hauna neno, inategemea wameweka kiasi gani.

Zinazotajwa sana ni mdalasini, karafuu, limau na machungwa na jamii yake yote, anisi na likorisi, mentholi, na kola. Kola huwa inashangaza watu, mbona hiyo ni soda tu, lakini ladha ya kola inatengenezwa kwa mafuta ya machungwa na limau na ndimu pamoja na mdalasini, kwa hiyo wahalifu ni walewale wamevaa nguo nyingine. Ukienda kwenye kemikali zenyewe, kwenye machungwa ni limonini, kwenye mdalasini ni sinamaldehaidi, kwenye karafuu ni yujenoli, kwenye anisi ni anetholi. Vitu vingine vya kwenye juisi, yaani propilini glaikoli na gliserini ambavyo ndo sehemu kubwa ya chupa, vyenyewe kwa plastiki ni wapole.

Sasa kwa nini ipasuke? Watu wengi wanadhani flava inakula plastiki kama asidi inavyokula chuma. Hapana. Hapa kwa kawaida hamna kemikali inayogeuka kuwa kemikali nyingine, kinachotokea ni kupenya. Plastiki ni minyororo mirefu sana ya molekuli iliyojisokota pamoja, na plastiki hizi ngumu zinazong'aa, polikaboneti na akriliki, minyororo yake haijajipanga kwa mistari, imelala ovyo ovyo, ndo maana mwanga unapita na unaona juisi imebaki kiasi gani. Huo mpangilio wa ovyo una nafasi nafasi katikati. Molekuli ndogo za mafuta kama limonini zinafanana kitabia na hiyo minyororo kwa hiyo zinajipenyeza, zinaisukuma mbali kidogo mmoja na mwenzake, na minyororo ikishaachiana kidogo haishikani tena kwa nguvu ileile.

Ukitaka kuona kwa macho kamua ganda bichi la chungwa karibu na puto lililojaa hewa, yale marashamarasha yanayoruka yakitua juu yake puto la mpira linaweza kupasuka hapohapo. Ni limonini hiyo. Na ile polistairini nyeupe nyepesi inayofungiwa vyombo vya umeme kwenye maboksi, limonini inaiyeyusha kabisa mpaka inakuwa uji, kuna watu wamefanya hiyo kuwa njia ya kuirejeleza.

Lakini kupenya peke yake hakutoshi, na hapa ndo pananifurahisha. Kipande cha polikaboneti kilichotulia, ambacho hakijabanwa popote, kinaweza kuguswa na kemikali hizi kikavumilia muda mrefu tu. Shida ni kwamba tangi halijatulia. Lilipomiminwa kiwandani likapoa haraka kuna sehemu zilibaki zimejivuta ndani kwa ndani, halafu wewe unakuja kukaza kifuniko kwa nguvu zako zote, na ndani kuna koili, kile kijiwaya kinachozunguka pamba iliyolowa juisi, inapasha na kupoa, inapasha na kupoa. Kwa hiyo plastiki iko kwenye mkazo muda wote hata kama kwa macho imekaa kimya. Flava ikishalegeza minyororo pale penye mkazo basi panaachia. Wahandisi wa plastiki wanaijua hii miaka mingi kabla ya vepu, ni moja ya sababu kubwa za vifaa vya plastiki kuvunjika vikiwa kazini, na mara nyingi mkosaji anakuwa sabuni ya kusafishia au grisi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Ndo maana tangi halipasuki popote tu. Litoe juisi, lishike kwenye mwanga ulizungushe taratibu: nyufa utazikuta shingoni, kwenye ile mizunguko ya kufungia kifuniko na pale chini linapokaa kwenye besi, nyembamba mno, zinametameta ukiligeuza upande mmoja na kupotea ukiligeuza mwingine. Ukishaona hivyo hata kama halivuji bado, limekwisha.

Swali zuri ambalo watu wanauliza, mbona chupa iliyokuja na juisi ni plastiki na haipasuki? Kwa sababu ni plastiki nyingine. Chupa nyingi ni polithini laini au PET ile ya chupa za maji, na kuna polipropilini ile yenye rangi ya maziwa kwenye baadhi ya matangi, hizi zinastahimili zaidi, zingine kwa sababu sehemu ya minyororo yake imejipanga vizuri na kubana nafasi. Kioo na chuma kisichoshika kutu vyenyewe havina habari kabisa na flava hizi.

Twende kwenye usalama, maana hapa ndo stori zinapochanganyika. Hoja maarufu inasema kama inapasua plastiki ngumu je mapafu laini itayafanyaje. Inatisha na ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini, lakini mimi naona ni kipimo kibovu, na ni kibovu pande zote mbili. Asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha inaiharibu akriliki vibaya, na mwili wako wenyewe unatengeneza asetoni kidogo kila siku hasa ukiwa umefunga kula. Hiyo haimaanishi uivute, inamaanisha tu kwamba plastiki kupasuka inakwambia habari za plastiki. Pafu halijatengenezwa kwa polikaboneti, ni chembe hai zenye unyevu na ute juu yake, zina namna zake za kuumia.

Geuza upande wa pili. Daiasetili, kionjo cha siagi, sifa yake mbaya haikuanzia kwenye tangi lolote. Mwaka 2000 huko Jasper, Missouri, Marekani, watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi za maikrowevu waliripotiwa kuwa na ugonjwa unaoziba vijinjia vidogo vya hewa mapafuni, na uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa flava ya siagi. Ukila haina shida, ukivuta mvuke wake kila siku kazini ni kitu kingine. Au angalia yale maradhi ya mapafu yaliyozuka Marekani 2019, mpaka Februari 2020 walishahesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, vifo vikiwa 68, na aliyeshukiwa zaidi ni vitamini E asiteti, mafuta yaliyokuwa yanachanganywa hasa kwenye katriji za bangi. Hicho ni kitu kinachopakwa usoni na kumezwa kama kidonge. Anayesubiri tangi limpe onyo angesubiri sana.

Mdalasini ndo umekaa katikati na ndo unachanganya watu. Unapasua tangi, na ni kweli pia kwamba maabara zilizojaribu juisi za vepu kwenye chembe hai ziliona zile za mdalasini ni kati ya zenye sumu zaidi, na sinamaldehaidi imeonekana kupunguza kasi ya vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi kutoka mapafuni. Kwa hiyo mtu anasema si unaona, tangi lilikuwa linasema ukweli! Lakini sababu ni mbili tofauti. Kwenye plastiki sinamaldehaidi inajipenyeza tu, kwenye chembe hai inashikana na protini na kuziharibu, ni ile tabia yake ya kuwasha inayokufanya uhisi moto mdomoni. Kemikali ni moja, kazi ni mbili, na moja haithibitishi nyingine.

Na lile neno la kwamba flava zote ni za chakula, zimeshapitishwa, lisikutulize sana. Zimepitishwa kwa kuliwa. Chama cha watengenezaji wa vionjo Marekani chenyewe kimesema wazi kwamba tathmini zake za usalama hazihusu kuvuta kwa sigara za kielektroniki. Tumbo lina asidi na ini liko nyuma yake, pafu halina hivyo.

Hatari ambazo tangi lililopasuka linakuletea moja kwa moja ni za kawaida zaidi. Juisi yenye nikotini ikikumwagikia inapenya ngozi, na ikiwa kali unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kwa hiyo nawa kwa maji mengi na sabuni na usiiache mezani mtoto akaigusa au kuilamba. Ikishukia kwenye betri na saketi ni balaa lingine. Na tangi likivuja mpaka pamba ya koili ikakauka unavuta moshi wa kuungua, hapo ndo kemikali za sumu kama fomaldehaidi zinapopanda. Juu ya hayo juisi iliyolegeza plastiki imekaa ndani ya hiyo plastiki, na polikaboneti inatengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali inayoshukiwa kuvuruga homoni, basi mimi juisi ya tangi lililopata ukungu ningeimwaga bila kuhurumia hela.

Kama unavuta na huachi leo, tumia tangi la kioo kwa flava hizi, hamna ujanja mwingine wa maana. Ambaye hana na anataka kujua, adondoshee matone kwenye kipande cha plastiki ileile kisichotumika aache usiku kucha, ila kikipona asishangilie sana maana hicho kipande hakijakazwa na mtu kama shingo ya tangi. Zile vepu za kutupa ni ngumu zaidi kuzikagua kwa kuwa huoni ndani, dalili yako ni kunata pale unapowekea mdomo au chini kwenye tundu la hewa.

Na wa tangi la kioo mkumbuke zile pete za mpira juu na chini. Kioo hakiguswi lakini baadhi ya mipira inanyonya flava hizihizi, inavimba na kulegea, halafu tangi linavuja na kioo kinasingiziwa. Zikiwa zimelainika au zinanuka mdalasini hata baada ya kuoshwa, badilisha.