Aliumia saa ngapi?

Swali la kwanza tunalowauliza ndugu waliomleta majeruhi wa mgongo mara nyingi huwaudhi. Wamesafiri usiku kucha, mgonjwa hasikii miguu yake, nasi tunauliza: aliumia saa ngapi? Si siku tu, saa. Mama mmoja aliwahi kunijibu, "Daktari, mwanangu kaanguka mwembeni, saa ya kazi gani?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Sikumjibu vizuri siku ile, na haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Tukitaja uti wa mgongo, wengi huwaza mfupa. Mfupa ni zile pingili zilizopangana kutoka shingoni hadi kiunoni. Ndani ya tundu lake mna ugwe mgongo, fungu la neva lenye unene wa kidole hivi, linalopeleka amri za ubongo kwenye misuli na kurudisha habari za maumivu, joto na haja. Pingili inaweza kuvunjika na ugwe ukasalimika. Ugwe ukiumia, hupata mapigo mawili. La kwanza ni la ajali yenyewe, na hilo halina dawa. La pili huja taratibu, saa baada ya saa: uvimbe, damu kuvilia, kipande cha mfupa kuendelea kubana, sehemu iliyosalia nzima kukosa damu. Hili la pili ndilo madaktari wanaloshindana nalo, na ndiyo sababu ya kuuliza saa.

Kati ya 2002 na 2009, vituo sita vya Marekani na Kanada viliungana kuwafuatilia watu 313 walioumia ugwe sehemu ya shingo. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mgandamizo ndani ya saa 24, na wapo waliofanyiwa baadaye. Matokeo yalitoka 2012. Miongoni mwa walioonekana tena baada ya miezi sita, asilimia 19.8 ya waliowahi walikuwa wamepanda angalau ngazi mbili katika kipimo cha neva. Waliochelewa walikuwa asilimia 8.8. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo huenda makundi hayakuwa sawa tangu mwanzo, na mabishano hayajaisha. Lakini hakuna hospitali moja ambayo ingeweza kuiona tofauti hiyo peke yake. Majeruhi wa aina hii ni wachache katika kila wodi, na hakuna wawili walioumia sawasawa.

Sasa turudi nyumbani. Taasisi ya Tiba ya Mifupa, Ubongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili, MOI, imeshirikiana kwa miaka mingi na madaktari wa Weill Cornell, chuo cha tiba cha New York, katika mafunzo na utafiti. Walipowachambua majeruhi wa uti wa mgongo waliolazwa MOI kuanzia mwishoni mwa 2016 hadi mwisho wa 2017, waliona mambo haya: wagonjwa walitoka wastani wa karibu kilomita 280, walifika wastani wa siku karibu 6 baada ya kuumia, na kwa wale asilimia 40 waliopata upasuaji, wastani wa kusubiri ulikuwa siku 33. Wengi walikuwa vijana wa kiume. Kuanguka kutoka juu kuliongoza, ajali za vyombo vya moto zikifuata.

Kule wanabishana juu ya saa 24. Sisi tuna siku 33.

Kila ninapoisoma tarakimu hiyo naona foleni nzima nyuma yake. Rufaa ya wilaya kwenda mkoa, gari la wagonjwa linalosubiri mafuta, kipimo ambacho mashine yake iko mji mwingine, ndugu wanaochangishana fedha za vyuma vya kushikiza pingili, chumba cha upasuaji chenye wagonjwa wa dharura kila usiku. Tarehe na saa zikiandikwa katika kila kituo, foleni hiyo inaweza kukatwa vipande na kila kipande kikapata mwenyewe wa kukishughulikia. Zisipoandikwa, tunabaki kusema "mgonjwa alichelewa", kana kwamba alichelewa mwenyewe.

Ushirikiano wa utafiti unahitaji pia lugha moja ya kupimia. Daktari wa Mwanza akiandika "miguu imepooza" na wa Zürich akaandika "kupooza kiasi", hakuna cha kulinganisha. Duniani kote hutumika kipimo kimoja, kile cha neva nilichokitaja, chenye ngazi tano, A hadi E. A ni mtu asiye na hisia wala msuli unaotii hadi sehemu ya mwisho ya ugwe, E ni yule ambaye kila kitu kimerudi. Hakihitaji umeme. Daktari hugusa kwa pamba na kuchoma kidogo kwa pini sehemu 28 kila upande wa mwili, hupima nguvu za misuli kumi kila upande, kisha huingiza kidole chenye glavu katika njia ya haja kubwa.

Hapo ndipo wagonjwa, na hasa wazee wetu, hukataa. Naomba ieleweke: neva za sehemu hiyo hutoka mwisho kabisa wa ugwe. Mtu anayesikia kidole, au anayeweza kubana, hayupo ngazi A hata kama miguu imelala kabisa, na matumaini yake ni tofauti. Tukiruka kipimo hicho kwa kuona haya, tunaweza kumwandika mtu kuwa amekatika kabisa wakati bado kuna njia iliyo hai. Mwombe daktari afunge pazia, omba apime wa jinsia yako kama yupo, lakini usikatae.

Tusifikiri kwamba kila jambo kubwa katika tiba hii hutoka chumba cha upasuaji. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, wengi wa watu hao walikuwa wakifa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Alichofanya ni kusimamia wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kibofu kihudumiwe kwa usafi, na mikono ipewe kazi. Michezo aliyoianzisha hapo 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Kugeuza mgonjwa kila saa mbili bado ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa muuguzi akiwa mmoja na vitanda vimejaa, na ndugu aliyefundishwa vizuri ana thamani kubwa hapo.

Na utafiti wa kweli humuuliza pia mwenye jeraha anataka nini. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson, ambaye mwenyewe ana jeraha la ugwe, alichapisha majibu ya watu 681. Waliopooza mikono na miguu wengi waliweka mbele kurudishiwa mikono na viganja. Waliopooza miguu tu, kilichotangulia kilikuwa tendo la ndoa. Kibofu na haja kubwa vilikuwa juu kwa makundi yote mawili. Kutembea, ambako ndiko sisi wenye miguu tunakokufikiria kwanza, hakukuongoza. Tangu niisome orodha hiyo nimeacha kuwaanza wagonjwa kwa mazungumzo ya kutembea.

Uchunguzi mkubwa zaidi juu ya maisha ya watu wenye jeraha la ugwe, wa nchi 22 na washiriki 12,591, ulifuata. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini na Moroko. Afrika Mashariki haikuwemo.

Mwananchi ana nafasi yake katika kazi hii, na huanzia pale pale ajali ilipotokea. Aliyeanguka au kugongwa na analalamika shingo, mgongo au ganzi asikalishwe, wala asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili vikienda mstari mmoja, alazwe juu ya ubao au mlango. Kisha mmoja atazame saa.

Hospitalini ukiombwa kushiriki utafiti, uliza unahusu nini na nani ataona jina lako. Una haki ya kukataa, na matibabu yako hayabadiliki kwa hilo.

Ukikubali, tunza mawasiliano. Hata kule Amerika Kaskazini, kati ya wale 313 ni 222 tu walioonekana miezi sita baadaye. Kwetu mgonjwa huruhusiwa, hurudi kijijini, laini ya simu hubadilishwa, na tunapopiga haipatikani. Hatujui kama ameanza kujilisha mwenyewe, kama kidonda kimefumuka, au kama amezikwa. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kumsaidia mgonjwa kupanda gari la kurudi kwao, tunaandika namba tatu: yake, ya ndugu anayelala naye nyumba moja, na ya mwenye duka la jirani.